Mwalimu Aliyetangaza Chuo Kama Harusi

Mtaani kwetu Buyenzi mtu akisimama na kusema "tangazo," watu wananyamaza, kwa sababu wanajua ni moja kati ya mambo matatu: kuna aliyekufa, kuna anayeoa, au maji ya bomba yatakatwa. Mwalimu alituletea jambo la nne. Alitangaza mambo ya chuo kikuu.

Nilikuwa nauza chai na chapati mbele ya nyumba yangu, na bado nauza. Yeye alipanga vyumba viwili kwenye ua wa jirani. Jumamosi asubuhi alikuja, akakaa kwenye benchi la wateja, akanywa chai yake bila sukari mpaka nusu, kisha akasimama. Viatu vinang'aa hata kama barabara yote ni tope.

"Tangazo," alisema.

Wachinjaji walinyamaza, mafundi wa magari walinyamaza, hata wale wa karata waliweka karata chini.

"Jumanne, chuoni, ukumbi mukubwa, saa tisa alasiri. Daktari mumoja atasema juu ya malaria ya watoto. Mulango iko wazi. Hakuna kiingilio."

"Kuna chakula?" mchinjaji mmoja aliuliza.

"Kuna viti."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Yeye hakucheka. Alikaa, akamaliza nusu iliyobaki, akalipa, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata alirudi na tangazo lingine.

Sitaandika jina lake. Walimu wengine mtaani waliitwa mwalimu fulani na mwalimu fulani, yeye peke yake alikuwa Mwalimu tu. Ametoka kwa nani na nani, sikumuuliza. Maneno yake yalikuwa ya upande wa Uvira, kule Congo, hiyo ilinitosha. Ninayoyajua ni yale niliyoyaona, na nilimwona kwa miaka mingi, kama unavyomwona mtu unayechota naye maji bomba moja.

Nianze na linalonihusu, msomaji asinitafute mbali. Mjukuu wangu Zuhura alimaliza masomo ya chuo, mitihani yote akapita, lakini shahada hakuwa nayo. Wako wengi kwetu wa namna hiyo. Baada ya mitihani inabaki kazi moja, wanaiita memwari: mwanafunzi anachagua jambo, analichunguza, anaandika, kisha siku moja anasimama mbele ya wakubwa wa chuo, wanawaita juri, kuitetea. Hapo katikati watoto wanapotea. Mwingine anaolewa, mwingine anaenda kutafuta kazi nchi za jirani. Wangu alikuwa anauza vifuniko vya simu kwenye duka la mtu mjini, na memwari imelala chini ya kitanda.

Mwalimu ndiye aliyekuwa akimwongoza. Na Jumamosi moja alisimama kama kawaida yake, akatangaza kwamba chuo kitafanya utafiti mkubwa juu ya maji ya ziwa yaliyopanda na kuingia Gatumba kule mpakani, kwamba vijana wawili watachukuliwa kufanya kazi hiyo, na kwamba anayetaka nafasi awe amekwisha kutetea memwari yake kabla mvua hazijarudi. Alisema yote hayo akiwatazama wacheza karata. Lakini mimi niliona Zuhura amesimama na birika la chai mkononi, hamimini.

Tangu siku hiyo nyumba yangu yote ilikuwa inangoja jambo hilo moja.

Nirudi kwa mtu mwenyewe. Wenzake wa chuo walikaa Kigobe, na wale wakubwa zaidi Kiriri, kwenye nyumba zenye maua ukutani na mlinzi getini. Yeye alikaa kwetu, kwenye makelele ya nyundo na adhana na watoto. Fundi Saidi, shemeji yangu, alimuuliza siku moja bila haya.

"Mwalimu, kwa nini hukai na wenzako kule juu?"

"Kule nitamutangazia nani? Wale wote wako na habari."

Alikuwa na pikipiki ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kulala kwenye gereji ya Saidi. Saidi alimwambia mara ngapi kwamba ile mashine imekwisha, aiuze kwa kilo. Mwalimu alijibu, "Bado." Mtu aliyerudisha kazi ya mwanafunzi kwa sababu ya neno moja lisilo mahali pake hakuweza kukumbuka kubadilisha mafuta ya pikipiki yake. Saidi alimkemea kama mtoto, na Mwalimu alikubali kukemewa, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Kupika pia hakujua. Harufu ya maharage yaliyoungua ikitoka kwa jirani, nilituma sahani. Aliirudisha sahani imeoshwa, na ndani yake daima kuna kitu: ndimu, au kipande cha sabuni, au ndizi. Hakuna siku alirudisha sahani tupu. Lakini asante hakuwa anasema. Nilimwambia, "Mwalimu, kwenu hawafundishi asante?" Akasema, "Mama Amina, asante inakaa mudomoni. Ndimu inaingia mu chai." Nikamwambia hata hivyo nataka asante, mimi ni mtu mzima. Tangu hapo alisema asante, na ndimu akaendelea kuleta.

Alikuwa Mkristo, na sisi upande wetu ni Waislamu wa zamani wa mji huu. Mwezi wa Ramadhani alikuja kwenye benchi akakaa bila kunywa kitu. Nilimwambia hatumfungi mdomo, anywe chai yake, ninaweza kumchemshia. Alikataa. "Mi nitakunywa mu nyumba. Hapa iko na watu wenye njaa." Siku ya Idi alivaa kanzu aliyopewa na Saidi, fupi, inaonyesha soksi, akazunguka nyumba zote kusalimia, na watoto wakamfuata nyuma wakicheka soksi.

Lakini mara moja tuligombana juu ya dini, na nitasema, kwa sababu ukimsifu mtu pande zote anakuwa si mtu. Alichukia sana neno "kesho." Kijana akimwambia "nitakuja kesho, Inshallah," alikunja uso. Siku moja alimjibu mmoja mbele ya watu wote, "Mungu alikwisha kupenda zamani. We ndiyo hujapenda." Vijana walicheka. Mimi niliweka chapati chini.

"Mwalimu," nikasema, "hilo jina usilitie kwenye mzaha wako. Mvivu ni huyu hapa, mseme huyu."

Alisimama, akamwomba radhi yule kijana, akaniomba na mimi. Sikumsikia tena akisema hivyo. Ila kijana naye alikwenda chuoni Jumatatu, nafikiri kwa aibu.

Matangazo yake yalikuwa ya kila namna. Siku za milango wazi, wazazi waone vyumba vya masomo. Shindano la vijana wenye kazi za hesabu. Wageni wa nje watakaosema juu ya samaki wa ziwa. Buruse, yaani msaada wa masomo, kwa wasichana wanaotaka kusoma mambo ya udongo. Nafasi ya kujifunza kazi kwenye maabara wakati wa likizo. Alitangaza yote kwa sauti ile ile, na mwisho daima: mlango uko wazi. Watu wakaanza kumcheka kwa kumwiga. Ukienda kwa mchinjaji anakwambia, "Tangazo! Leo ini, mulango iko wazi!" Mwalimu akisikia hivyo alifurahi. Alisema maneno yake yameingia mtaani.

Kwa muda mrefu hakuna aliyekwenda. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza, na nilikwenda kwa hasira. Alitangaza kwamba mtaalamu atasema juu ya maji yaliyopanda, na binti yangu Amina, mama yake Zuhura, anafanya biashara ndogo ya kuvuka mpaka na anakaa Gatumba. Nyumba yake iliingia maji, akahama, akarudi, na yakaingia tena. Nilitaka nimwone huyo anayejua maji. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikachukua wanawake wawili wa jirani, tukapanda kule juu chuoni.

Tulikaa nyuma. Yule mtaalamu alisema Kifaransa kwa haraka, na picha zinapita ukutani. Sisi tunatazama picha. Mwalimu alitoka mbele kwa wakubwa, akaja kukaa katikati yetu, akaanza kutuambia pole pole kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Sauti yake haijui kunong'ona. Yule mtaalamu akanyamaza, akauliza kuna nini kule nyuma.

Mwalimu akasimama. "Kuna wageni wetu wametoka Buyenzi," alisema, "na kuna mmoja ambaye mtoto wake anakaa ndani ya hiyo picha." Akaomba kila baada ya muda kidogo mtu aseme kwa ufupi kwa Kiswahili na Kirundi. Wakubwa walinong'onezana. Wakakubali. Na mpaka leo, mikutano ya idara yake ikifunguliwa kwa watu, inafanyika hivyo.

Mwisho wakasema kuna maswali. Nikasimama. Niliuliza kitu kimoja: haya maji yatarudi mahali pake, au binti yangu ahame kabisa?

Yule mtaalamu alishika kichwa, akasema, "Mama, hatujui bado."

Nilikasirika njia yote ya kurudi. Nikamwambia Mwalimu, "Mtu ana vyeti vyote vile, ametuweka pale saa nzima, halafu anasema hajui?"

"Ulitaka akudanganye?"

"Nilitaka ajue!"

"Basi ndiyo utafiti, Mama Amina. Ni kujua ile kitu hujui, halafu kwenda kuitafuta. Wenye wanajua yote hawatafiti. Wanakaa kwa benchi yako."

Wale wa benchi nilikuja kuwaambia. Hawakufurahi.

Sasa upande wake mgumu. Nilidhani, kwa vile ni jirani, kwa vile amekula maharage yangu miaka hiyo yote, Zuhura atapita kwake kama maji kwenye mfereji. Haikuwa hivyo. Zuhura aliitoa memwari chini ya kitanda, akaandika usiku na mchana, akampelekea. Akairudisha. Akaandika tena. Akairudisha. Mvua zinakaribia, mawingu yanakaa juu ya milima ya Congo ng'ambo ya ziwa, na mtoto anarudishwa. Siku moja nilimkuta jikoni, anakata vitunguu na analia, na hakuwa analia kwa vitunguu.

Nikavaa viatu nikaenda kwa Mwalimu. Alikuwa anapiga pasi shati.

"We ni jirani au adui?" nikamwuliza.

"Karibu, Mama Amina. Kaa."

"Sikai. Mtoto unamfanyia nini? Mvua zikianza nafasi imepotea. Unajua hilo, we mwenyewe ndiye ulitangaza."

Aliweka pasi pembeni. "Ameandika kwamba watu wa Gatumba wanarudi kwa nyumba zenye maji kwa sababu ni masikini na hawana pa kwenda. Nimemuuliza, nani alikwambia? Anasema, kila mutu anajua."

"Na ni kweli! Amina mwanangu alirudi kwa nini?"

"Amina peke yake. Na wengine? Aliwauliza? Hakuuliza hata Amina. Ni mama yake, alifikiri anajua."

Hata mimi Amina sikuwa nimemuuliza. Lakini sikutaka ashinde.

"Humwonei huruma?"

"Hapa mtaani mi ni jirani, nitamupa kila kitu. Kule juu sina jirani. Nikimupitisha hivi, wale wa juri watamula mzima, na ile nafasi itaenda kwa mutoto wa Kiriri mwenye aliuliza." Akachukua pasi tena. "Aende Gatumba. Aulize. Muda iko."

Nilitoka bila kuaga. Jumamosi ile nilimpa chai yake nikamgeuzia mgongo, na nadhani aliona, maana alirudisha kikombe mwenyewe mpaka ndani.

Zuhura alikwenda Gatumba. Aliomba ruhusa dukani, mwenye duka akakataa, akaacha duka. Alikaa kwa mama yake na kuingia nyumba baada ya nyumba. Na aliporudi alikuwa ameungua na jua na amebadilika mdomo, anasema pole pole. Akaniambia, "Bibi, mama hakurudi kwa sababu ya umasikini. Alikuwa na chumba cha kupanga Kamenge, mahali pakavu. Alirudi kwa sababu wateja wake wa ng'ambo ya mpaka wanamjua pale, na akikaa mwezi mmoja mbali, mwingine anachukua mahali pake. Na wako wanawake wengi wamesema hivyo hivyo." Nilikaa chini. Mwanangu wa kumzaa, na sikujua.

Mwalimu alisoma, na safari hiyo hakurudisha. Alisema tu, "Sasa tupate siku." Siku ikapatikana, na mawingu yamekwisha kushuka nusu ya mlima.

Jumamosi kabla ya siku yenyewe alisimama kwenye benchi. "Tangazo. Alhamisi, saa nne asubuhi, Zuhura wa Mama Amina atatetea memwari yake mbele ya juri. Mulango iko wazi." Na hapo ndipo mtaa mzima ukaamua kwenda, kwa sababu kutetea mtoto ni jambo tunalolijua, au tulidhani tunalijua. Wanawake walichanga sambusa. Soda zilitafutwa. Tulivaa sare ya kitenge kama siku ya mahari. Na Saidi, ambaye kwenye mahari zote za ukoo wetu ndiye msemaji, yule anayesimama kujibizana na msemaji wa upande wa pili kwa maneno ya kuzunguka mpaka mtoto wetu apewe heshima yake, Saidi alivaa koti, akakaa mstari wa mbele kabisa. Hakuna aliyemwambia. Na yeye hakuuliza. Kwake ilikuwa wazi: wakubwa watakaa upande ule, familia upande huu, mtoto atasimama katikati na kunyamaza kwa adabu.

Zuhura alisema kazi yake vizuri. Kisha mkubwa mmoja wa juri, mwanamke mwenye miwani, akafungua karatasi akasema kazi hii ina udhaifu, ataitaja. Akataja wa kwanza.

Saidi akasimama. Akakohoa. Akafunga kifungo cha koti.

"Waheshimiwa wakubwa," akasema, "sisi tumetoka mbali, na tumesikia maneno yenu. Mumesema ng'ombe wetu iko na kilema. Lakini mwenye kuingia kwa zizi ya watu na kutaja kilema, tunamujua huyo: ni mwenye anaitaka sana!"

Upande wetu wote ulipiga makofi. Bibi mmoja akapiga vigelegele. Rais wa juri, yaani mkubwa wao, mzee wa nywele nyeupe, akauliza kwa Kifaransa jambo ambalo sikulielewa lakini uso niliuelewa. Zuhura alikuwa anatazama sakafu, na mimi nikawaza: imekwisha, watatutoa nje na mtoto naye.

Mwalimu alisimama. Hakucheka, na hakumwaibisha Saidi. Aliwageukia wakubwa, akawaelezea desturi ya msemaji ni nini na kwamba huyu amewapa juri heshima ya wakwe. Kisha akatugeukia.

"Fundi Saidi," akasema, "umesema vizuri, na neno lako litarudi saa ya soda. Lakini hapa mambo yamegeuka. Hapa bibi-arusi ndiye musemaji, na sisi wote ndiyo tunanyamaza. Mumuachie."

"Peke yake?" Saidi akauliza. "Mbele ya watu wazima wote hawa?"

"Peke yake."

"Ni ukali huo."

"Ni ukali," Mwalimu akakubali. "Kaa."

Saidi alikaa. Yule mwanamke wa miwani, nilimwona anafuta machozi ya kicheko, akarudia udhaifu wake kwa Kiswahili, tusikie wote. Akasema: Zuhura aliuliza wanawake wanaorudi. Je, wale waliohama kabisa, wasiorudi, wao aliwauliza wapi?

Zuhura alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akatazama dirishani. Nilitaka kumrushia kiatu.

"Sikuwauliza," Zuhura akasema. "Sikuwapata. Niliowauliza ni wale waliorudi tu. Kwa hiyo ninajua kwa nini watu wanarudi. Kwa nini wengine hawarudi, sijui. Ningepata nafasi, ningeanza na hao."

Yule mwanamke akaandika kitu. Mwalimu alitoa kitambaa, akainama akafuta kiatu kilichokuwa safi tayari.

Walitutoa nje washauriane, kisha wakatuita. Zuhura alipita. Kulikuwa na mambo ya kurekebisha, wakayataja, lakini alipita. Saa ya soda Saidi alisema mpaka sambusa zikapoa, na rais wa juri akamjibu, maana kumbe kwao naye ndiye msemaji. Wawili hao walijibizana pale mpaka mlinzi wa ukumbi akaja na funguo.

Mvua zilianza baada ya hapo. Sasa tukangoja ile nafasi, kwa sababu kupita ni jambo moja na kuchukuliwa ni jingine, na waliokuwa wanaitaka walikuwa wengi. Nilimwuliza Mwalimu kama atasema neno. Alikataa. Alisema ametoka kwenye kikao cha kuchagua, kwa vile mmoja wa wanaotaka amekula naye sahani moja. Nikamwambia afadhali nisingempa maharage. Akasema, "Ungenipa tu."

Mwezi huo huo alihama. Umri wake wa kuacha kazi ulikuwa umefika, hakuwa amemwambia mtu. Mtu aliyetangaza kila kitu, hilo lake hakulitangaza. Dada yake alikuwa mjane, anakaa Gatumba, akaenda kukaa naye. Jumamosi ya kwanza bila yeye, watu walikaa kwenye benchi, chai ikafika nusu, na hakuna aliyesimama. Mchinjaji akajaribu. "Tangazo," akasema. Akakosa la kuendelea nalo, akakaa. Nikawafokea wanywe chai yao.

Zuhura aliitwa kwa ile nafasi siku ya mvua kubwa. Aliingia ameloa mpaka mifupa, akasimama jikoni, akasema, "Bibi, nimeitwa." Nikamwambia abadilishe nguo kwanza, atashikwa na homa, halafu nikaenda kwenye chumba changu nikafunga mlango na kumshukuru Mungu bila haraka.

Nilimwona Mwalimu tena kiangazi hiki. Nilikwenda Gatumba kwa Amina, na nilijua dada wa Mwalimu anakaa nyuma ya soko, nikabeba chapati kwenye kitambaa kwenda kumsalimia Mwalimu. Kuta za nyumba za pale zina alama ya maji, rangi mbili, juu nyeupe, chini rangi ya udongo. Nilizunguka nyumba, nikasikia sauti ninayoijua.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, amevaa buti na fulana ya mradi, karatasi kwenye magoti. Mbele yake, kwenye kiti, Mwalimu. Amekonda. Fimbo iko pembeni. Viatu siviseme, vilikuwa kama kioo.

"Nyumba zimepangwa kwa orodha, Mwalimu," Zuhura alikuwa anamwambia. "Hatuchagui. Imefika zamu ya hii. Ungetaka kukataa, ni haki yako."

"Sikatai. Lakini hilo swali lako la kwanza, mi ningeliweka mwisho. Mutu hajakuzoea, unamuuliza mara moja juu ya—"

"Mwalimu."

"Eh?"

"Jibu swali."

Nikangoja amkaripie. Mwalimu alikaa wima, akaweka mikono juu ya magoti, kama wale wanafunzi wa siku za milango wazi wanaopigwa picha.

"Sawa," akasema. "Rudia."

"Mwaka ule maji yalipoingia, yalifika wapi?"

"Mi sikuwa hapa. Dada yangu ndiye alikuwa. Kwa hiyo sijui, mpaka yeye arudi kutoka soko."

Zuhura akaandika. "Na we, umekuja kukaa mahali maji yaliingia. Kwa nini?"

Mwalimu alitazama kwanza ule ukuta wa rangi mbili. Mimi nilikuwa nalijua jibu, dada yake ni mjane, kila mtu anajua, na mdomo ukanifunguka.

"Lakini Zuhura, si kwa sababu ya—"

Mwalimu aliinua mkono bila kunigeukia.

"Mama Amina, karibu, kaa. Ngoja kidogo. Mutoto anauliza mimi."

Nikakaa kwenye ngazi na chapati zangu. Zuhura alingoja, kalamu iko juu ya karatasi, hamharakishi. Na Mwalimu akaanza kusema, pole pole, na nilichokisikia hapo hakikuwa kile nilichodhani.